Pazia Nyuma ya Mtoto wa Jicho

Jumanne, 4 Machi

Leo nimempima mama mkwe. Mimi mwenyewe. Nani mwingine? Mpimaji wa altrasaundi kwenye kliniki hii ya macho ni mmoja tu, na chumba changu hakina hata dirisha.

Daktari bingwa alishamulika jicho lake la kulia akashindwa kuona ndani. Mtoto wa jicho amekomaa, mweupe kama chokaa. (La kushoto lilikufa tangu usichana wake, hilo hata hatulitaji.) Upasuaji umepangwa wiki ijayo, na kabla ya kisu lazima tujue nyuma ya ule weupe kuna nini. Mwanga haupiti. Sauti ya mashine inapita. Basi akaletwa kwangu.

Nikamlaza, nikampaka jeli juu ya kope. "Baridi kama salamu za wifi yako!" Tukacheka wote wawili. Tazama juu, Mama. Chini. Kulia. Kushoto. Mkono kwenye kope, macho yangu kwenye skrini.

Nikaacha kucheka.

Jicho lisilo na ugonjwa, kwenye skrini ndani ni jeusi tii, na ukuta wa nyuma umetulia. Lake lina mstari mweupe uliobanduka pande zote mbili, umeshikilia kwenye mshipa tu, kama herufi V. Retina, ule utando wa nyuma unaopokea mwanga, yote imeng'oka. Tena si ya jana. Ikiwa mpya huchezacheza jicho likizunguka, yake imekakamaa. Nimerudia mara tatu. V. V. V.

Kumtoa mtoto wa jicho hapo ni kufuta kioo cha dirisha ambalo nyuma yake wamejenga ukuta.

"Umeona nini, mkaza mwanangu?"

"Daktari ndiye atakayesoma picha, Mama."

Nimewaambia hivyo watu mamia. Leo niliyasema nikiitazama skrini, si yeye.

Jumatano, 5 Machi

Bingwa yuko safarini, semina, mpaka Jumatatu. Nimemtumia picha, nikampigia. Alizifungua picha kwanza. Kisha akasema hakuna cha kupasua pale, na kwamba atawaeleza yeye mwenyewe akirudi. Mimi nifunge mdomo. "Wewe ni mkwe kabla hujawa mpimaji. Usianze kutoa majibu sebuleni." Sawa. Utaratibu naujua, karatasi nimeibandika ukutani kwa mkono wangu: MPIMAJI HATOI MAJIBU.

Lakini nyumbani! Vyumba viwili na sebule. Mtu akipiga chafya jikoni, anaambiwa pole kutoka chumbani. Nitauficha wapi uso huu siku tano? Halafu nikakumbuka — yeye haoni uso wangu. Nikafarijika. Hapo hapo nikaona aibu.

Hajawahi kuniona kamwe. Nimeolewa miezi kumi na minne, giza lake lina miaka mitatu. Ananijua kwa hatua, na kwa harufu ya sabuni ya kliniki. Mwanzoni hakunitaka, alikuwa akiniita "yule wa mashine". Siku hizi anasema bandeji ikitoka atanitazama mimi kwanza, kabla ya mtoto wake wa kumzaa. "Nijue kama mwanangu alichagua au alichaguliwa."

Alhamisi, 6 Machi

Wifi kaja na gauni. Tunamwita Redio, na leo alikuwa hewani saa tatu mfululizo. Ukoo mzima umeshaambiwa: Mama anaona wiki ijayo! Wameshapanga nani aje lini, wasirundikane. Mama analipapasa gauni, anauliza maua yake rangi gani. Redio anamwambia hasemi, utajionea mwenyewe.

Mimi nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Mume wangu akanifuata. Mbona umepoa hivyo? Kichwa, nikasema. Akanikanda mabega. Akasema ameahidi mengi maishani na mengi yamemponyoka, lakini hili la macho ya mama yake safari hii amelishika.

Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikaendelea kuisugua.

Ijumaa, 7 Machi

Wagonjwa kumi na mmoja. Weusi, weusi, weusi, ndani ya macho yao kote kumetulia. Nimewaonea wivu, mtu mzima na akili zangu.

Jioni nimelipitia faili la Mama. Nesi kaandika: anaona mwanga wa tochi, pande zote nne, bila kukosea.

Haiwezekani. Retina ile haiwezi kujua tochi iko kulia au kushoto. Au nimeisoma vibaya picha? Mungu wangu, laiti ningekuwa nimeisoma vibaya!

Jumamosi, 8 Machi

Sikuisoma vibaya.

Asubuhi mume alikwenda kununua rangi. Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Nikavua ndala, nikamsogelea, nikawasha tochi ya simu — haina mlio — nikammulika jicho la kulia. Akaendelea kukunja. Juu. Chini. Shati, suruali, shuka.

"Sabuni ya hospitali iko puani kwangu," akasema. "Unanifanyia nini?"

Nikazima. "Namulika, Mama."

Mikono ikasimama.

"Basi umeshajua," akasema. Kwa utulivu, kana kwamba nimemwambia chai imeiva. Nikamuuliza pale kliniki alipataje zote nne. Akatabasamu! Tochi ya nesi inalia ta! ikiwashwa. Na viatu vyake vinalia kila akihama upande. "Masikio yangu hayajaota mtoto."

Lakini kwa nini, Mama?

Akanivuta nikae. Akaniambia giza halikuja polepole kama wanavyoambiana. Kwanza zilikuja cheche, pembeni, kama mtu anayechomelea vyuma. Kisha nzi weusi. Kisha pazia, kutoka chini, likipanda. Siku ya nne likafika juu. Huo weupe ulikuja baadaye, pazia likiwa limeshafungwa.

Maelezo hayo nayajua kama jina langu. Mtu akija na cheche na pazia tunamkimbiza siku hiyo hiyo. Na miaka mitatu iliyopita mimi nilikuwa kwenye chumba kile kile, mashine ile ile.

"Ulimwambia nani?"

"Mume wako. Kwa simu, siku ya cheche. Akasema ni uzee, nipumzishe macho, atakuja akipata nafasi." Akapata nafasi baada ya miezi mitano. "Amesahau. Hakusahau kwa ubaya, alikuwa mbioni. Mimi nakumbuka kwa niaba yetu sote wawili, inatosha."

Kwa hiyo anataka apasuliwe. Apasuliwe, ishindikane, na lawama imwangukie daktari. "Daktari ana mabega mapana. Mwanangu hana."

Nikamwambia haitafika huko, Mama, picha imeonyesha, hawatapasua. Nimesema! Nimetoa majibu! Sebuleni, kati ya shuka na suruali.

Akatafuta mkono wangu, akaushika kwa nguvu hata pete ikanichoma.

"Basi la pazia libaki kwako. Niapie."

Nimeapa.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu anapaka rangi chumba cha mama yake. Mama kachagua kijani. Mimi nimeshikilia ngazi. Yuko juu anapiga mluzi, rangi inamdondokea kwenye nywele, Mama amekaa mlangoni anamuuliza imefika wapi. "Nusu, Mama! Utaipenda!" "Nitaipenda, baba."

Ninamhurumia nani? Huyu wa juu ya ngazi au huyu wa mlangoni? Kila nikifungua kinywa namsaliti mmoja wao. Nikifunga, nawasaliti wote. Hata chooni nikikaa sana wananiuliza kulikoni.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tano asubuhi. Naandikia chumbani kwangu, taa ya mashine ikiwaka.

Bingwa amewaeleza. Alisema vizuri, polepole, mkono begani kwa Mama. Hakuna upasuaji. Redio alilia kwa sauti, nesi akamtoa nje. Mama hakulia. Mume wangu alikuwa na rangi ya kijani bado kwenye kucha. Akauliza neno moja tu: lini?

Bingwa akasema picha haitaji tarehe, mgonjwa ndiye anayejua. Akamgeukia Mama. Lilianzaje, ghafla au polepole?

"Polepole, daktari. Kama ukungu."

Mume akauliza: kama ni polepole, hakuna aliyekosea? Bingwa akamjibu kama ilivyo. Kama ni polepole, vigumu mtu kujua. Kama ni ghafla, zilikuwepo siku za kuwahi.

Kisha akanitazama mimi. Ripoti yako haina historia ya mgonjwa. Wewe unaishi naye. Jaza, weka sahihi, nipatie kabla ya saa saba.

Sasa fomu iko mbele yangu. Nafasi ya historia ni mistari minne. Nikiandika ukungu, nimetia sahihi uongo ndani ya faili la kliniki, kwa mkono unaotegemewa. Nikiandika pazia, mwanawe ana haki ya kulisoma faili, naye tayari ameshaomba nakala.

Mama yuko kwenye benchi nje. Namsikia anamtuliza Redio, eti gauni atalivaa tu, maua atayavaa bila kuyaona.

Mume wangu amegonga. Nimesema subiri.

Anazungumza na mlango. Anasema kuna siku Mama alimpigia, yeye yuko kazini, kelele nyingi. Anajaribu kukumbuka. Anasema, kama alitaja cheche vile. Au ni yeye anajitungia? Ananiuliza mimi. "Wewe anakuambiaga kila kitu. Alikuambia?"

Nimeandika: Giza lilianza

Mlango nimeufunga kwa ndani. Anagonga tena — kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayeomba asifunguliwe.