Perege Wako Wameoana

Shoga yangu Mwanaidi,

Mungu akurehemu. Nimekaa ukingoni mwa bwawa letu, miguu majini, na nimeshiba hata napumua kwa shida. Leo nimekula perege wetu, mkubwa mpaka mkia ulining'inia nje ya sahani. Ungekuwepo ungepiga vigelegele.

Unakumbuka ulivyokuwa ukilalamika kila tukivua? "Samaki gani hawa, Tatu, vidole vitupu!" Wakubwa tukiwauza, wadogo tukiwaacha wazaane, halafu tunashangaa watoto wao kuwa wadogo. Wewe ndiye uliyesema tugeuze: waliokua upesi kuliko wenzao tuwatenge kwenye kibwawa cha nyuma, wao ndio wawe wazazi. Ukawachagua mwenyewe, mmoja mmoja, na maradhi yako, hutaki hata nikushike mkono. Hukuwaona wakizaa.

Basi, shoga, hitima yako nusura iwamalize. Mumeo alikuja na wavu begani. Wageni wengi, alisema, na wewe hukupenda mtu atoke kwako na njaa. Kweli hukupenda. Lakini nikasimama mbele yake.

"Shemeji, hawa si kitoweo. Hawa ni wazazi. Mwanaidi ndiye aliyewachagua."

Nilidhani atanipita. Akaketi palepale kwenye udongo akalia, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nami nikalia. Wageni wakala wali kwa maharage ya nazi, na hakuna aliyenung'unika isipokuwa wifi yako mkubwa, unamjua.

Sasa sikiliza mambo. Yule dume uliyempenda, mpana kama sinia, hakufaa kitu! Alichimba shimo lake kwenye matope, akazunguka, akajitunisha, majike wakampita kama hawamwoni. Wote wakaenda kwa jirani yake, aliyekuwa akilisafisha lake kutwa nzima. Mumeo akacheka, Mwanaidi. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Wanawake wanaangalia nyumba," akasema.

Kisha majike wakaacha kula. Nikahangaika, nikidhani wanaumwa, kumbe mayai yalikuwa vinywani mwao. Asubuhi moja mmoja akapanua kinywa, vitoto vikamwagika kama ufuta. Nikaita jina lako kwa sauti, na mtu aliyekuwa akipita njiani akanitazama vibaya.

Hao wamekua, na ndio tuliowala leo. Wazuri zaidi tumewaacha hai, wazae tena. Ila mwanao Zuhura, ambaye siku hizi ndiye msimamizi wetu sote, anasema ndugu wasioane, watoto wao watatoka dhaifu. Kwa hiyo Jumamosi tunakwenda Miono, kwa mfugaji mmoja mwenye madume mazuri.

Nakukosa, shoga, hasa nikiwa na la kuchekesha. Nakuahidi kazi yako haitarudi nyuma, na mwanao hatakosa mama maadamu mimi nipo. Lala salama.

Huko Miono, mumeo anasema, tunakwenda kuwaposea majike wako. Ameshapiga pasi kanzu.

Wako,
Tatu