Kuirudisha Ordinatere Yako, Hapa Hombo

Mpendwa Papa Masika,

Bado tuko Hombo. Nilidhani tungekaa hapa msimu mmoja tu, vita vipungue, turudi kwetu Kirolirwe. Lakini kila tunapofunga mizigo, habari mbaya zinatutangulia njiani. Wewe umelala ng'ambo ya mto, pale tulipokuzika baada ya ile homa, nami nakusalimu kila ninapopita kwenda shamba. Salamu yenyewe siku hizi ni fupi, maana nachoka mapema. Leo nataka nikueleze vizuri jambo la ordinatere yako, ile kompyuta.

Unakumbuka tulivyoihama nyumba? Ordinatere uliifunga kwenye kitenge changu ukaibeba mgongoni kama mtoto. Mimi nilikuwa na mimba ya Paluku, Masika amenishika mkono. Nilikuambia ubebe sufuria badala yake. Ukanijibu, "Sufuria tutaazima. Sauti na mafoto yetu, nani atatuazima?"

Wiki iliyopita Masika aliweka ndani yake programu ya kutazamia video aliyopewa na rafiki yake. Tangu hapo mashini ikawa inawaka, inaonyesha alama yake, inazimika, inawaka tena, bila kufika popote. Masika alilia mpaka akapata kwikwi. Sikumgombeza. Tuliipeleka kwa fundi wa karibu na soko, naye hakutuficha kitu.

"Mama, hii tunaformate. Tunafuta yote, tunaweka mupya. Jioni utaikuta iko muzima."

"Na sauti ya bwana yangu iko mule ndani?"

"Yote itaenda, Mama."

Nikaifunga tena kwenye kitenge, tukarudi nyumbani.

Papa Masika, njiani nilikuwa nakusikia. Kule Kirolirwe iliwahi kukukatalia hivyo hivyo, mvua inapiga mabati, mimi nachambua maharagwe. Ulinivuta kiti nikae karibu. "Usikimbilie kufuta," uliniambia. "Kwanza chukua vitu vyako, uweke pembeni. Kisha uirudishe ku siku yenye ilikuwa inatumika muzuri. Na usikate moto wa umeme katikati, utaiua." Nilikuuliza kama kuirudisha nyuma hakuli mafoto. Ukacheka. "Haigusi mafoto. Inaondoa tu programu zenye ziliingia baada ya ile siku."

Basi nilifanya ulivyosema. Nilingoja siku ya jua kali ili betri ya paneli ijae. Nikaiwasha huku nabonyeza ile touche, kitufe cha juu, mpaka ikaniletea orodha, nikachagua kuiwasha kwa ile hali uliyoiita sans échec, inayowaka na vitu vichache tu. Ikafunguka, picha kubwa kubwa na rangi zimefifia, lakini ikafunguka. Kabla ya kugusa kitu kingine nikanakili mafoto yote na ile sauti kwenye flashi. Nikaitoa flashi, nikaifunga kwenye ncha ya kitambaa changu cha kichwa.

Ndipo nikatafuta restauration, pale pa kuirudisha siku za nyuma. Ilinipa siku kadhaa za kuchagua. Nikachukua ya karibu, iliyotangulia ile programu ya Masika. Tukakaa tukiitazama. Ikajizima, ikawaka, ikasema imeshindwa, hakuna kilichobadilika. Masika akaniangalia. Nilihisi mwili wote mzito, kama siku ile tuliyotoka makaburini. Nilitaka kufunga na kwenda kulala. Nilikunywa maji, kisha nikajaribu tena, safari hii nikichagua siku ya nyuma zaidi.

"Mama, ikikataa?" Masika aliuliza.

"Ikikataa tutajaribu ingine. Usiiguse."

Ilikaa muda mrefu. Wingu lilipita juu ya paneli nikaomba Mungu. Halafu ikafunguka yenyewe, taratibu, na nyuma ya alama zote nikaona ile picha ya ng'ombe wa jirani uliyoipiga ukiwa umesimama kilimani. Programu ya Masika haikuwepo. Vitu vyako vyote vilikuwepo.

Sikuruka wala sikuimba. Niliketi tu, mikono mapajani. Zamani ningekuita uje uone.

Masika ndiye aliyefungua ile sauti, ile uliyomrekodia mama yako wa Butembo, tukashindwa kuituma kwa sababu barabara ilifungwa. Sikuwa nimeisikiliza tangu ulipotuacha, nilikuwa naogopa. Paluku alikuwa anacheza sakafuni na mahindi. Hakuwahi kukusikia, alizaliwa wewe umeshaenda. Ukaanza kusema, polepole kama kawaida yako: "Mama, huku tuko salama. Shamba iko muzuri. Bibi yangu iko na mimba ingine, utuombee." Ukakohoa. Halafu ukageuka pembeni, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mutoto, funga mulango, baridi inaingia."

Ulikuwa unamwambia Masika, ile siku.

Paluku aliacha mahindi yake. Akainuka, akatembea mpaka mlangoni, akausukuma kwa mikono miwili mpaka ukafungika. Kisha akarudi akaketi. Nje jua la Hombo lilikuwa linachoma, na ndani tukabaki gizani na joto, tukikusikiliza. Hakuna aliyeufungua mpaka ulipomaliza.

Lala vizuri, baba wa watoto wangu. Kesho nitapita tena.

Mke wako,
Mama Masika