Nusu ya Maiti

Yaya Ngoy, kaka yangu mkubwa,

Nakuomba haya yabaki kwako. Hata ukikutana na baba huko, usimwambie neno. Alipokuwa hai hakuweza kutunza siri hata ya jirani.

Kwenye matanga yako Kasongo, mchimbaji mwenzako, alifanya kazi yake ya mjukuu wa utani, mtani anayemwigiza marehemu, akaifanya vizuri kupita kiasi. Alivaa buti zako, akalala katikati ya uwanja, akajiwekea tochi kifuani kama mashine yetu ya kupimia madini. Patron wa depo, bosi wangu anayenunua madini ya wachimbaji, alikuwa amekaa mbele, maana ndiye aliyenunua jeneza na unga wa bukari, ugali wa matanga. Kasongo akamwita: “Patron, unipime! Mashine inasema niko maiti nusu! Ulishaifundisha asubuhi kupunguza, eh? Basi leta jeneza nusu, na miye nibakie nusu na muke wangu!” Watu walicheka. Hata mama, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu walipokutoa shimoni. Patron naye alicheka.

Mimi, karani wake, sikucheka. Kwamba mashine huwekwa isome pungufu kabla wachimbaji hawajaleta magunia, tulijua sisi wa ofisini tu. Na wewe, kwa kuwa nilikuambia, tukila viazi vitamu nyuma ya nyumba yetu pale Bel-Air. Ulisema tu, “Mudogo, unyamaze, tunakula pale.” Kumbe ulimwambia Kasongo. Sikulaumu.

Baada ya mazishi patron aliniita. “Petit, nani alimupasha Kasongo mambo ya mashine? Useme, ama basoda bende kumuuliza yeye.” Unawajua wale askari wa depo, na unajua wanavyouliza. Nilitaka kukutaja wewe. Nilifikiri, Yaya hawezi kukamatwa tena. Lakini angeuliza wewe uliambiwa na nani, na macho yangu yangejibu. Nikasema, “Ni miye, patron.” Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akangoja funguo za ofisi.

Kasongo yuko salama, bado anachimba upande wa Kinsevere. Na magunia yake bado anayapeleka kwa patron yule yule, kwenye mashine ile ile, kwa sababu hakuna mwingine wa kuyanunua. Sasa wote wanajua inadanganya, na wanapanga foleni. Hilo linanichosha kuliko hofu, Yaya.

Kwaheri. Mwanao hataacha shule. Nilimwahidi mkeo na sasa nakuahidi wewe, ingawa sijui kwa kazi gani.

Ukitaka kuniona, usipitie ndoto za mama. Anazisimulia zote kwenye bomba la maji. Bel-Air usije, gari la depo hupita polepole mbele ya lango likinitafuta. Niko Likasi kwa shangazi, chumba cha nyuma. Usigonge. Kohoa kwanza, kile kikohozi chako cha vumbi, nijue ni wewe, si wao.

Mudogo wako