Mstari Mwekundu wa Paska

Paska wangu,

Mvua imenyesha Ganako tangu Jumatatu. Mahindi ya mama yako kule Endamarariek nadhani yameshaota. Nadhani tu, kwa sababu sijaenda, na leo nataka kukueleza kwa nini.

Nakuonea wivu. Hata sasa. Nilifikiri wivu utaisha tukishakuzika, lakini haukuisha. Tumemaliza kidato cha nne bila wewe, tunasubiri matokeo, na bado mwalimu wa Jiografia akinikuta sokoni anasema, "Paskalina angepata A, yule." Mimi nashika kapu langu, nacheka kidogo. Hajawahi kuuliza mimi nitapata nini.

Unakumbuka zoezi la kulinganisha viwanda vya Japani na China? Kitabu kilitupa takwimu, wewe ukasema takwimu hazina harufu, twende tukaone vitu vyenyewe. Tukapita nyumba kwa nyumba tukigeuza redio, tochi na cherehani, kusoma vilitengenezwa wapi. Mwaka wa kununua hakuna aliyeukumbuka. Bibi yangu alisema cherehani yake ya Kijapani ililetwa alipomzaa shangazi. Yule mzee wa Kimaasai wa mnadani alisema tochi yake aliipata akiwa bado moran, kijana shujaa wa kabila lao. Ukamuuliza, "Babu, moran ni mwaka gani?" Akakujibu, "Ni miaka mingi, we mtoto, na yote ilikuwa mizuri."

Grafu nilichora mimi, miaka nikiikadiria kwa hadithi zao. Bluu Japani, nyekundu China. Bluu iliongoza tangu ujana wa bibi, nyekundu ikachomoka ghafla juzi juzi tu. Kitabu kilisema China ilipanda mwaka hadi mwaka, ikaipita Japani hata kabla sisi hatujaanza shule. Nikasema kitabu kimekosea.

Uliweka kidole kwenye karatasi. "Resti, tumehesabu vilivyobaki tu. Vilivyoharibika je?" Ukanivuta mpaka kibandani kwa fundi redio. Nyuma kulikuwa na rundo la redio zilizopasuka na tochi zenye kutu, nyingi za Kichina, ambazo fundi alisema zililetwa miaka ile ile niliyokuwa nimeiacha tupu. Nikachora upya, wewe ukaandika maelezo. Mstari mwekundu ukapanda.

Mwalimu alipouliza nani ataeleza mbele, niliinamisha kichwa. Ukaenda wewe. Akaandika jina lako peke yake kwenye grafu, akaibandika ukutani. Ulisema, "Mwalimu, tulikuwa wawili," lakini kengele ilikuwa imeshalia.

Halafu ukaugua, na mtihani ukatukuta tumeshakuzika. Mwalimu akampa mama yako ile grafu, naye akaibandika sebuleni, karibu na picha yako. Siku ya kumaliza matanga nilikuwa naosha vikombe, namsikia akimwambia kila mgeni, "Mwanangu ndiye aliyewaza vilivyoharibika." Kila mgeni, Paska. Nikasimama na mikono yenye povu, mimi nisiyeweza hata kujibu shikamoo kwa sauti, nikasema mbele ya watu wote: "Mama, lile wazo lilikuwa langu."

Hakubisha. Aliibandua grafu taratibu isichanike, akaikunja, akanipa. "Basi ni yako, mwanangu. Samahani, sikujua."

Aliniomba samahani. Mimi.

Sasa iko kwetu, juu ya kabati. Kabla ya leo niliifungua mara moja tu, nikakutana na mwandiko wako, nikaifunga. Nilitaka kitu kimoja chako kiwe changu, sasa ninacho na siwezi kukitazama. Najua ukutani kwenu zimebaki alama nne za gundi, na wageni wakiuliza, mama yako hana la kuwaeleza.

Leo asubuhi nimeifungua tena, nikaandika kwa penseli, chini ya jina lako: "Mchoraji, Restituta." Hilo ni kweli, najua usingelikataa. Lile wazo ni lako, nitalirudisha kesho pamoja na grafu. Nitasema kwa sauti, na wakiwepo wageni nitasema mbele yao, kama nilivyodanganya mbele yao. Wivu siwezi kukuahidi kuuacha. Uongo nakuahidi kuuacha.

Pumzika, rafiki yangu. Kesho sitapita kaburini kwanza, maana najifahamu, nitakaa hapo nikikwepa mpaka jua lizame. Nitaanza kwa mama. Kwako nitakuja nikishasema.

Resti