Kwa Nini Hukuingia Jikoni Kwangu

Mama,

Natumaini huko uliko umepumzika vizuri, kwa sababu nina maswali na yote ni yako. Mwanao Swaleh nimemuuliza mpaka amechoka. Jana alinyanyua mikono akaniambia, "Zaituni, hiyo ungemuuliza mwenyewe." Basi nakuuliza mwenyewe.

La kwanza ni hili. Uliwezaje kukaa wiki nzima nyumbani kwangu hapa mtaani Satellite bila kuingia jikoni, hata kujichotea maji?

Kila ulipotoka Ngara kuja kutuona, ulikaa kwenye kile kiti cha dirishani, leso umejitanda, mikono umeiweka mapajani. Kiu ikikushika unamwita mjukuu wako Idi akuletee maji. Mimi niko jikoni, Rukia mgongoni analia, wali unashika chini, na wewe unanitolea sauti kutoka sebuleni: "Pole na kazi, mwanangu." Pole! Kwetu Mumias mwanamke akimtembelea mwanawe, hata viatu hajavua, ameshaosha sufuria na kuuliza chumvi iko wapi. Asiyefanya hivyo ujue amekuja kukagua. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Msemo huo niliutafuna kimoyomoyo kila ulipokuja, Mama, na jembe sikukupa kwa kuwa nilikuogopa.

Na mwanao alikuwa vivyo hivyo. Akirudi kutoka mjini, kwenye lile duka la vitambaa analouzia, alikuwa akisimama mlangoni pa jikoni, ananitazama, halafu anaenda kukaa. Kama mtu aliyefika benki akakuta wamefunga. Nikasema, haya, ndivyo alivyolelewa.

Unakumbuka duka lilipompunguzia siku za kazi, tukashindwa kumlipa dada aliyekuwa akitusaidia nyumbani? Tangu hapo kila kitu kiliniangukia mimi. Chai, yunifomu za watoto, kufua, kupika, na katikati ya hayo niende Kilimani kwenye duka la dawa nisimame kutwa nzima nikitabasamu. Nilikonda hadi wateja wakaanza kuniuliza mimi dawa ninazotumia. Nikaamua kuacha kazi. Nilikupigia simu nikakwambia. Ukauliza, "Na hiyo kazi waipenda?" Nikasema naipenda sana. Ukanyamaza, nikasikia pumzi yako, ukasema tu, "Mungu atafungua."

Ulitaka kusema nini pale katikati, Mama? Hilo ndilo swali la pili, na ndilo linaloniuma. Wiki iliyofuata ukaondoka. Hatukuzungumza tena.

Sasa nikueleze yaliyotokea kwako baada ya hitima yako, maana ndiyo yaliyonifungua macho. Watu walikuwa wameshaondoka. Wale majirani waliopika siku zote za matanga nao wameenda kupumzika, na mimi kichwa kinanipasuka, nimelala chumbani kwako na watoto. Idi akaja kuniambia ana njaa. Najikokota kuinuka, mara nasikia jikoni kwako sauti ya nazi ikikunwa. Krr, krr, krr. Mama, nywele zilinisimama. Nilidhani ni wewe.

Nikaenda kuchungulia. Wanao wanne, wanaume wazima na ndevu zao, wamejaa kwenye kile kijikoni chako. Swaleh amekalia mbuzi anakuna nazi. Anayemfuata anakata vitunguu, vyembamba, hata hatazami kisu. Wa tatu anasukuma chapati. Kitinda mimba anaosha vyombo na kuvipanga, vikombe huku, sahani kule. Hakuna aliyemwambia mwenzake shika hiki au lete kile. Walikuwa wakilia kidogo na kupika, wakipishana kama watu waliofanya hivyo maisha yao yote. Na kumbe ndivyo! Huna binti, na ulikuwa ukishona nguo za watu kutwa. Nani mwingine angekupikia?

Nilisimama pale nikasahau hata kichwa.

Nilimngoja Swaleh mpaka tukafika nyumbani. Nikamuuliza, nikijaribu kutopiga kelele, "Swaleh, kumbe unajua kupika?" Akaniangalia kama nimemuuliza kama anajua kutembea. "Najua. Si Mama alitufunza wote?" Sasa mbona miaka yote hii ameniacha nife jikoni peke yangu? Akasema, "Mama aliniambia siku ya harusi. Jikoni ya bibi yako ni yake, usiiguse mpaka akuite. Mimi nilikuwa nangoja uniite." Nikamwambia, "Na mimi nilikuwa nangoja ushike hata kijiko!" Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikakasirika upya. Nilikukasirikia wewe, Mama, kaburi lako halijakauka. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, sawa, lakini wewe ulimfunza kila kitu halafu ukamfunga mikono. Kwa nini?

Jibu nilianza kulipata nilipomwita jikoni. Asubuhi sasa ni zake, maana duka lao halifunguliwi mapema. Anawaamsha watoto, anapika uji, anampeleka Idi shule. Jioni anayetangulia kufika ndiye anayewasha jiko. Maharagwe tunayachemsha mara moja ya wiki nzima, kwa makaa, ili gesi isitukimbie. Jumapili tunafua pamoja, mimi nasugua, yeye anasuuza na kuanika. Jirani yetu Mama Brayo alinivuta kando kwenye kamba ya nguo: "Bwana yako ako sawa kweli? Nimemwona ameanika hadi zako." Nikamwambia ako sawa kabisa, na zake pia mimi huanika. Alicheka, lakini juzi nimemwona mumewe amebeba beseni.

Pale kwenye duka la dawa nilikuwa nimeshamwarifu bosi kwamba mwisho wa mwezi naondoka. Nilimrudia nikamwomba anisamehe, nabaki. Akasema, "Afadhali, nilikuwa sijapata mtu." Nilitoka kwake nikatembea hadi barabarani huku nacheka peke yangu.

Basi siku moja nikarudi nikakuta Swaleh ameipanga jikoni yangu upya. Viungo amevihamishia juu, unga umeshuka chini, miko yote imesimamishwa kwenye kopo karibu na jiko, vile vile ilivyo kwako. Alikuwa anafurahi, masikini. Mama, sijui hasira ile ilitoka wapi. Nilitafuta bizari huku machozi yananitoka, na bizari ilikuwa mbele ya pua yangu. Nilijiona kama mpangaji ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Alivirudisha vyote, na tangu hapo ananiambia, "Naomba kisu, mwenye jikoni," ananichokoza.

Nikamsimulia ndugu yako, mama mdogo Zena, aliponipigia simu. Hakucheka. Alisema ulipoolewa kule Lamu, mama mkwe wako alikaa jikoni kwako tangu siku ya kwanza, akafungia viungo kwenye sanduku, na mumeo hakuonja mkono wako mpaka mlipohamia Nairobi. Alisema uliapa hutamfanyia mwanamke yeyote jambo lile, wewe wala wanao.

Nilikaa chini, Mama. Kumbe pale dirishani ulikuwa unanipa heshima ambayo wewe hukuipata. Na mimi nimeisoma dharau. Lakini mficha uchi hazai, na sote watatu tulificha. Siku ile kwenye simu, uliponyamaza, ulikuwa unataka kuniambia nimwite, sivyo? Au ulikuwa unataka nikuite wewe? Ulikuwa unanisikia mle ndani nikihangaika, nawe unajua kuubembeleza mwiko kuliko mimi. Mikono haikukuwasha?

Ningekuita, ungekuja?

Sitajua. Na nimekukosa, Mama, nimekukosa sasa ndiyo naanza kukujua.

Idi ameshaanza kuchambua mchele na babake, mawe anayaacha lakini anajitahidi. Nakuahidi nitamfunza kila ulichowafunza wako. Siku akioa sitamwambia asiguse. Nitamwambia abishe hodi, akiitikiwa aingie, na asipoitikiwa abishe tena. Na mimi nikienda kumtembelea, sitakaa dirishani kungoja. Nitamuuliza mkewe kwa mdomo wangu: nikusaidie, au nikuache?

Mungu akulaze pema, na akuwekee huko mtu wa kukupikia, nawe uketi.

Hili nililikawiza, nalisema sasa. Karibu jikoni, Mama.

Mkaza mwanao,
Zaituni