Maneno Niliyomwambia Kuku Juu ya Pikapu

Magwagwa, kwa Kemunto

Kwako Omogaka, mzee wangu, Baba Ombati,

Mbuya mono? Natumai goti limepoa na asubuhi unakunywa uji, si chai tupu. Huku kwa binti yetu miili ni mizima, lakini moyo wangu haujakaa chini tangu nitoke nyumbani Nyacheki. Nimeandika Kiswahili kwa sababu macho yako hayashiki herufi tena, na wa kukusomea ni Nafula, mke wa mwanetu Ombati, ambaye Ekegusii yake bado ni ya kununua ndizi. Nafula mwanangu, usicheke, soma pole pole. Kwa simu huyu mzee husema sawa sawa halafu anakata.

Mambo ni haya. Kemunto sasa ni mzito sana. Unakumbuka ile mimba ya kwanza ilivyotupotea tukiwa njiani, pikipiki imekwama kwa matope. Safari hii daktari amemwambia uchungu ukianza tu aende hospitali Nyamira, na asiguse pikipiki. Kwa hivyo tumaini letu lote ni pikapu ya mkwe wetu Nyabuto, ile kuukuu ya kubeba ndizi. Na hiyo pikapu, Baba Ombati, ilikuwa mgonjwa kuliko Kemunto.

Ikiwashwa inanguruma juu juu kama mtu ana hasira. Nyabuto akitoa mguu kwa mafuta, inatetemeka, inakohoa, inazima. Siku moja ilizimia kwa mlima na ndizi zake, ikarudi nyuma mpaka kwa ua wa watu. Fundi wa sokoni akaosha kabureta, akabadilisha plagi, bado. Mwisho akasema injini inavuta hewa ya wizi, maana yake hewa haipiti mlangoni, inapenya kwa ufa chini ya kabureta. Nilishika kichwa. Hata hewa siku hizi inaiba? Akamfundisha Nyabuto: gari ikinguruma, dondoshea maji kidogo kidogo kwa mipira na maungio, mahali sauti itabadilika ndipo penye ufa. Kisha fundi akaenda zake matanga kwao.

Sasa, sauti kubadilika inataka sikio. Nyabuto amesimamia posho mill tangu ujana, masikio yake yalibaki huko na unga. Anadondosha maji, hasikii kitu. Na mimi nikiwa jikoni naisikia ile sss wazi kabisa, kama sufuria ya maharagwe yenye kifuniko kibaya. Namwambia Kemunto, Kemunto anamwambia bwana yake, bwana anasema huko ameangalia. Maneno yakizunguka hivyo yanafika yamepoa.

Nafula, pengine unauliza kwa nini sikwenda kumwonyesha mwenyewe. Ni ile heshima yetu ya chinsoni. Mama mkwe na mkwe hawasimami bega kwa bega, hawatazamani machoni, wala hawapigi domo. Sasa mimi niiname naye kwa injini moja, kichwa kwa kichwa? Baba Ombati anajua haiwezekani.

Basi Ijumaa mchana, natayarisha chakula cha Sabato, Kemunto akaita kutoka chumbani, "Mama, imeanza." Kitambaa kikanitoka mkononi. Nyabuto alikimbia kwa gari. Ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima. Akafungua boneti, chupa ya maji mkononi. Wa kupeleka maneno yangu alikuwa kitandani ameshika kiuno. Uwanjani hapakuwa na mtu mwingine, ni yule kuku mwekundu tu anachakura. Nikaipa gari mgongo, nikamwangalia kuku.

"Wewe kuku," nikasema kwa nguvu, "mwambie mwenye gari aweke kijiti kushikilia mafuta gari isizime, awashe, halafu adondoshe maji nyuma ya kabureta. Mbele ni kupoteza wakati."

Nikajua nimeharibu. Halafu nikasikia, "Kuku, nimeweka. Hapa?"

"Kuku, hapo hapana."

"Na hapa?"

"Bado. Kuku, ateremke chini kidogo."

Tulienda hivyo, yeye na maji, mimi na masikio, na kuku katikati akila mchwa wake. Ghafla ile sss ikakatika kama mtu amezibwa mdomo, na injini ikashika pumzi moja.

"Kuku, hapo! Arudie hapo."

Ilikuwa ni mpira mnene kama kidole gumba, umejikunja nyuma, na ncha yake imepasuka chini ambako jicho halifiki. Alikata ile ncha iliyooza, akausukuma tena mahali pake. Nikafungua kile kipande cha blada, mpira wa ndani ya tairi, kinachofunga mlango wa kibanda cha kuku, nikakirusha nyuma bila kugeuka. Akakaza nacho.

Tulipanda, Kemunto katikati kama ukuta wetu. Pale kwa mlima Nyabuto akatoa mguu kidogo kuijaribu, nami nikamkamata Kemunto mkono mpaka akalia. Haikuzima. Hospitali wakampima, wakasema bado, huo ulikuwa uchungu wa kudanganya, turudi siku ukija wa kweli.

Tukirudi, katikati ya majani chai, Nyabuto akiangalia barabara tu, akasema, "Mama, asante." Hakusema kuku. Kemunto alinipiga mguu nijibu. Mimi niligeukia dirisha mpaka tukafika.

Ndiyo nakuuliza wewe, mwenye nyumba yangu. Je, nimevuka chinsoni? Na nikimjibu kwa kinywa changu, ni vibaya? Kila jioni anaiwasha, ananguruma nayo, anauliza kuku kama anasikia kitu, na kuku anasema hakuna. Lakini blada ni blada tu, na barabara unaijua. Siku yenyewe ikifika hakutakuwa na wakati wa kutafuta kuku.

Nisalimie Ombati kifungua mimba wetu, dada yako mkubwa anayeumwa kifua, na jirani anayetuchumia chai. Mama wa kanisa mwambie ataje Kemunto kwa maombi, na baada ya Kemunto aitaje pikapu, asione haya.

Hili jibu nipe kwa simu, Baba Ombati. Na usikate.

Ni mimi wako,
Mama Ombati