Hivyo Ndivyo Ilivyo

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula na kulala vizuri. Hofu yangu ni kwenu, hasa huo mkono wako wa kulia. Umeniandikia kuwa vidole vimekakamaa, mkasi huuwezi tena, na shule inataka sare zake mwisho wa mwezi wa nne. Pole sana. Sasa mbona unahangaika kutafuta fundi wa kukata, na Mama yuko hapo hapo kwenye cherehani miaka ishirini?

Nakuletea nakala ya riwaya tunayosoma chuoni, maana najua hukai bila kitu cha kusoma. Mhusika mkuu ni karani wa ofisi anayeamini kuwa mtu asiye na cheo akikaa kitini akili yake hulala, kwa hiyo matarishi wake husimama kutwa nzima. Mwalimu anataka tuchambue jinsi itikadi inavyojenga imani zake. Nisaidie. Mimi huyu karani ananichefua tu, na kuchefuliwa si uchambuzi.

Mama nisalimie sana.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mkono ndio huo huo. Mama yako anaukanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na masimango ananipa bure.

Riwaya nimeimaliza kwa siku nne. Swali la mwalimu wako halina jibu. Nimepekua ukurasa kwa ukurasa: karani hasali, hafungi, hataji dini yoyote. Itikadi ataitoa wapi? Na kusema kweli nampenda. Ana msimamo.

Kuhusu mama yako, mwanamke anashona, mwanamume anakata. Ukikosea kushona utafumua, ukikosea kukata kitambaa kimekwenda. Hivyo ndivyo ilivyo, wala si mimi niliyepanga. Nimeshawajaribu mafundi wawili. Wa kwanza alikata mikono yote ya kushoto. Wa pili sitaki hata kumzungumzia.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimecheka mpaka jirani wa chumba amegonga ukuta. Itikadi anayoisema mwalimu si dini peke yake. Ni mawazo ambayo mtu ameyakuta kwa waliomtangulia, akayavaa tangu zamani mpaka akadhani ni ngozi yake. Mwalimu anasema ukitaka kuiona, uliza mambo mawili: nani alimwambia, na nani anafaidika.

Sasa fungua ukurasa wa themanini. Tarishi anamuuliza karani kwa nini wao hawakai. Karani anajibu, "Hivyo ndivyo ilivyo, wala si mimi niliyepanga." Baba, nimeiweka barua yako kando ya ukurasa huo. Neno kwa neno.

Usinikasirikie. Zimebaki wiki nne, na unakaribia kupoteza kazi ya shule nzima kwa ajili ya sentensi moja. Wewe nani alikuambia?

Mwanao

18 Aprili

Baba,

Shikamoo tena. Kimya chako kimezidi. Kama umenuna sema umenuna, nijue moja. Insha nimeshaipeleka, sikukutaja. Naomba radhi kwa namna nilivyosema, si kwa nilichosema. Niambie tu mkono unaendeleaje, na sare zimefikia wapi.

Mwanao

28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba mara mbili, kwa shikamoo zako mbili.

Nilinuna, ndiyo. Barua yako niliitupa kwenye droo ya vifungo, na kila nilipotafuta kifungo naikuta. Mwishowe nikaenda kwa aliyeniambia, yule mzee aliyenifundisha kazi, nikamuuliza na yeye aliambiwa na nani. Akacheka mpaka akakohoa. Hakuambiwa na mtu. Mke wake wa kwanza alikuwa anajua kukata kuliko yeye. Walipoachana, mama huyo akafungua duka lake ng'ambo ya barabara, na wateja wote wakavuka. Kuanzia siku hiyo mzee akawafundisha wanafunzi wake kuwa mwanamke hakati. Mwanangu, nimebeba kijicho cha mtu mwingine miaka thelathini nikikiita ufundi.

Nikarudi nikamkabidhi mama yako mkasi. Nikamwambia kwa upole asiogope, nitamwelekeza. Akachora kwa chaki, akakata sare kumi na mbili bila kuinua kichwa. Nikamuuliza amejifunza wapi.

"Mume wangu," akasema, "ulikuwa unaacha nguo tano zimekatwa, unakwenda kununua uzi, unarudi unakuta nane. Hukuwahi kujiuliza?"

Sikuwahi. Nilidhani nina mkono mwepesi. Nikaanza kukumbuka suti ambazo watu walinisifu kwa mkato wake, na nikaona bora niache. Nimeona aibu, halafu nikacheka, halafu nikamwonea fahari, yote kabla ya chai ya saa nne.

Sare zimefika shuleni jana. Kuongoza kitambaa kwenye cherehani bado naweza, kwa hiyo mimi nashona, yeye anakata. Leo amenifumulisha mshono mara mbili.

Anakusalimu. Nimemwomba aongeze mstari mmoja kwa mkono wake, akasema nikuandikie mimi, yeye yuko kazini.

Baba yako